Nyumba Haiuziki? Huenda Shida Si Bei, Ni Muonekano

Umeshusha bei mara mbili. Wateja wanakuja, wanaangalia, wanaondoka, na simu hawapigi tena. Huenda kinachowakimbiza ni jinsi nyumba ilivyopangwa.

Nchini Marekani kuna wataalamu ambao kazi yao ni kuipanga nyumba kabla wanunuzi hawajaoneshwa. Anayetajwa kuianzisha kazi hiyo ni Barb Schwarz, wakala wa nyumba wa jimbo la Washington, mwaka 1972. Kwake, nyumba inayouzwa ni kama jukwaa.

Wanafanya nini hasa? Wanaondoa picha za familia, vyeti vya ukutani na makochi yaliyojaa sebuleni, ili mteja ajione yeye akiishi humo, si wewe. Nyumba tupu huwekewa samani za kukodi, maana wengi hushindwa kukadiria kama kitanda cha futi 6 kitatosha chumbani. Kisha hupigwa picha, kwa sababu siku hizi wateja wengi huiona nyumba kwanza kwenye simu.

Gharama ni yako, nyumba iuzike isiuzike, na samani za kukodi zikikaa zaidi, unalipa zaidi. Kama mfuko ni mdogo, lipia ushauri tu, kazi ifanye mwenyewe: punguza vitu, safisha madirisha, badilisha taa hafifu. Anza na sebule.

Ila usiweke kabati kuficha ufa au unyevu. Mnunuzi akija na fundi akaugundua, ataomba bei ishuke sana, au ataondoka kabisa.