Bei Sio Boli

Sogea, bench ina space.

Kwa base ya ball, match huisha dakika 90. Argument haiishi. Inaanza kabla lineup itoke, inakula half-time, inapanda mat na nyinyi, inashuka stage, inasimama kwa gate ya ploti hadi caretaker aseme anafunga. Jumatatu iko jobo kabla ufike. Na hapo ndio utamu uko. Bao utaicheki kwa simu. Kumnyamazisha fan wa Man U mbele ya mbogi yake yote? Hiyo huwezi download.

Ngori ni moja. Wasee wanabishana na price tag. Mtu anasimama, anashika kiuno, anatupa, "Huyu ni player wa milioni mia!" Halafu anakaa ka ameshinda kesi. Buda, hujasema kitu. Umesoma bei. Hata cashier husoma bei.

Nikuchanue fasta.

Mvua ikinyesha, fare inapanda

Konda unamjua. Jua likiwaka, tao ni finje. Mvua ikigusa lami tu, soo, na hataki story. Gari ni ile ile. Kiti ni kile kile, spring bado inakudunga. Chenye kimebadilika ni presha yako. Soko la transfer liko hivyo hivyo, neno kwa neno.

Cheki 2017. PSG wanatoa euro milioni 222 kwa Neymar. Hakuna calculator ilisema msee ni 222. Hiyo ilikuwa release clause, namba Barca waliweka ndio watu watishike. PSG hawakutishika. Wakalipa, msee akahepa. Ghafla Barca wako na mahela, hawana staa, na dunia nzima inajua. Mvua hiyo. January 2018 Liverpool wakawauzia Coutinho kwa deal ya kufika pauni milioni 142 na bonasi zake.

Dirisha hilo hilo, Liver walikuwa washamtoa Van Dijk Southampton kwa milioni 75. Watu walicheka. Difenda, 75? Van Dijk akabeba Champions League 2019, akabeba ligi 2020. Coutinho naye akapeanwa Bayern kwa loan, na August 2020 pale Lisbon akatoka bench akawapiga Barca mbili, Bayern wakashinda 8-2. Yaani Barca walilipia msee aje awanyoroshe. Na receipt wako nayo.

Sasa Antony. August 2022 Man U wanaanza ligi kwa kuchapwa 2-1 na Brighton, tena nyumbani, then wanakula nne bila kwa Brentford. Window inakaribia kufungwa. Mvua ya mawe Old Trafford, na unajua ile paa yao huvuja. Ajax, wenye walikuwa na Antony, wakatulia, wakataja euro milioni 95, na 5 zingine za bonasi. Kwa pesa zetu hiyo ni zaidi ya bilioni 10. Kufika 2025 Man U wakamuuza Betis, na hata third ya hiyo doo haikurudi. Lakini skiza hii: msee alipofika Betis kwa loan January, kabla wamnunue, akaanza kuwaka, wakaingia hadi final ya Conference League. Miguu ni ile ile. Bei ndio ilikuwa ya mvua.

So mtu akikutupia milioni zake, muulize swali moja tu. Mvua ilikuwa inanyesha?

Calendar ndio broker

Bei ya player inaanza kwa contract. Ikibaki miaka mitano, seller anakaa ngumu. Ikibaki mmoja, anatetemeka. Ikiisha, club inabaki na picha. Mbappé alitoka PSG 2024 akaenda Real Madrid bila transfer fee hata shilingi. Sasa wewe mwenye unapima player na bei, simama uniambie Antony ni noma kuliko Mbappé. Sema kwa sauti. Mbogi inaskiza.

Halafu kuna vitabu. Season hizo Premier League ilikuwa inakubali club ipoteze hadi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Ukipita, ulikuwa unakatwa points. Everton walijionea: 10 zilienda November 2023, rufaa ikashusha hadi 6, halafu wakakatwa 2 zingine season hiyo hiyo. Forest nao wakaachia 4. So wadosi wanacheza na hesabu. Ukinunua msee wa milioni 100 na umpe contract ya miaka 5, kwa vitabu unaandika 20 kila mwaka. Chelsea wakachangamka. Mudryk na Enzo wakapewa miaka 8 na nusu, ndio kila mwaka ionekane kidogo. December 2023 ligi ikasema hapana, mwisho wa kugawanya bei kwa vitabu ni miaka 5.

Na kijana wa academy? Huyo hakununuliwa, so ukimuuza doo yote inahesabiwa profit. Ndio maana McTominay, kijana wa academy ya Man U, aliuzwa Napoli 2024 kwa kama pauni milioni 25. Season yake ya kwanza Italia: ubingwa wa Serie A, na award ya player bora wa ligi. Antony alikuwa pauni milioni 80 na kitu. Piga hesabu polepole. Antony mmoja ni McTominay watatu na chenji.

Magooner, msicheke sana. Pépé, 2019, milioni 72. Kufika 2023 akatoka bure, hakuna club ilileta hata ya macho. Eze naye mlimwacha akiwa na miaka 13, mkamrudisha 2025 kwa zaidi ya milioni 60. Lakini hapo nawapea heshima zenu. Mlimpokonya Spurs wakiwa karibu kumaliza story, na November akawapiga hao hao hat-trick kwa derby, 4-1. Doo ikikaa poa, inakaa hivyo. Rice pia. Milioni 105 na watu wakashika vichwa. April 2025 akawachapa Real Madrid free-kick mbili usiku mmoja na vichwa vikaachiliwa. Bei kubwa inaweza kuwa fiti kabisa, bora kuwe na kazi inamngoja huyo msee.

Usiseme "low block" na hujaiona

Kila base sai iko na profesa. Half-space. Inverted fullback. xG. Mdomo wake ni subtitles za YouTube. Ukimwambia aonyeshe kwa screen hiyo half-space iko wapi, anaita wa smokie. Kuchoma ni huko.

Tactics ni maswali mawili. Mkiwa na ball, nani anasimama wapi? Mkiipoteza, nani anarudi? Basi. Season ya 2022-23 Guardiola alimtoa Stones kwa defence akamwingiza mido kila City wakishika ball. Wakabeba treble. Stones hakumea miguu mipya. Alipewa kazi mpya.

Geuza sasa. Amorim anafika Man U November 2024 na 3-4-3 yake. Squad ilinunuliwa ya mawinga, system yake inadai wing-backs. Season ikaisha wakiwa nambari 15. Halafu unaskia mtu kwa base, "Huyu player ameoza." Hajaoza. Amepewa kazi ya msee mwingine na boots zake mwenyewe. Ukitaka kujua thamani ya player, angalia kwanza amesimamishwa wapi. Bila hiyo unapiga tu kelele, na ubao itakuuma bure.

Na nyinyi mnatusi Arsenal ati ni timu ya kona, wacheni wivu. Jover alikuja 2021 kama coach wa set-piece na kona zikageuka silaha. Bao ya kona huhesabiwa moja. Hakuna mahali kwa table imeandikwa, "Lakini ilikuwa kona."

Mzae na Kadenge wake

Kila base pia iko na mzae. Koti, kofia, kikombe ya chai, na sentensi moja tangu tuzaliwe: "Nyinyi vijana hamjaona mpira. Mngemwona Kadenge." Joe Kadenge, legend wa ball ya Kenya kitambo. Sawa mzae, shikamoo, kiti ya mbele ni yako. Lakini muulize kuhusu VAR, anakujibu Kadenge. False nine, Kadenge. Dakika ya 80, mko chini moja, nani aingie? Kadenge. Ukimkaba sana anatoa 1987, Gor Mahia wakibeba kombe ya Mandela. Hiyo kombe ilikuwa safi na hakuna mtu anaipinga. Lakini haiwezi kutuambia nani acheze left-back leo. Mzae ukimwonyesha bei ya Neymar anauliza hiyo ni ng'ombe ngapi. Tunasonga.

Fit na mfuko

Jezi. Replica OG huko UK ni karibu pauni 80. Hapa hiyo ni thao kumi na zaidi, na kuna msee analipa keja na hiyo doo. Ile ya tao ni thao na kitu, na ukisimama mita tatu hakuna mtu atakuuliza label. Vaa bila stress. Jezi fake haichomi. Chenye kinachoma ni kutembea na jina ya mtu mwenye ashahepa. Kuna wasee bado wako na "Sancho 25" mgongoni, ya Man U, na wanapita nayo mchana. Andika jina yako. Wewe hutauzwa.

Ingine inachoma ni kuhama timu. Juzi City, leo Liver, kesho utaskia ni fan wa damu. Sisi tunakumbuka. Mbogi iko na memory kuliko Google.

Halafu Fantasy. Hapo ndio ujuaji unapimwa, kwa sababu mkwanja una mwisho. Milioni 100, wasee 15, club moja isizidi watatu, na kila transfer ya ziada inakula points 4. Huwezi kubonga ati Haaland ameisha na kwa team yako ndio amevaa armband. Rule ya kila base iandikwe kwa ukuta: hakuna screenshot, hakuna mdomo.

Na mkeka? Kujua Isak aliendea Liverpool pauni milioni 125 hakukuambii nani atashinda Jumapili. Timu kumi kwa mkeka mmoja, moja tu inatosha kuichana. Doo ya rent isiguswe. Kuwa msee wa kubishana ni bure. Kuwa msee wa kulia kwa betshop ni gharama.

Sasa njoo home

Hapa ndio nataka unisikize fiti.

Wanyama ni boy wa Nairobi. Celtic walimtoa Beerschot 2011 kwa chini ya pauni milioni moja. November 2012 akawafunga Barca kwa Champions League. 2013 Southampton wakalipa milioni 12 na nusu. Olunga alikuwa Gor. 2020 akiwa Kashiwa Reysol, Japan, akapiga mabao 28, akawa top scorer na MVP wa ligi nzima. Hao hawakushuka kutoka mbinguni na price tag. Walikuwa hapa, tukiwapita tukienda kucheki Chelsea.

Usiniambie ni story za zamani. August 2025, CHAN, Kasarani imejaa. Ryan Ogam, straika wa Tusker, anaipiga Morocco moja. Harambee Stars wanamaliza wasee 10 na hawafungwi. Morocco ndio walibeba hiyo kombe, na hiyo ndio match pekee walipoteza tournament yote. Baadaye Ogam akapanda ndege, Wolfsberger, Austria. Sasa sema ukweli wa base yako. Kabla ya hiyo bao, wangapi walikuwa wanamjua? Na bench ya Bournemouth wanaitaja kama maji.

Cheki vile Brighton hufanya. Walimtoa Caicedo Ecuador 2021 kwa kama pauni milioni 4. 2023 Chelsea wakamchukua kwa deal ya kufika 115. Brighton hawana uchawi. Walituma mtu aende aangalie mapema, kabla watu wajae na mvua ianze.

So hii ndio form. Ligi yetu inachezwa wikendi, na tournament ya Koth Biro ikifika pale Ziwani wasee wanapiga chobo za kukutoa machozi. Toka kwa screen siku moja. Shika mat, nenda ground, chagua player mmoja, mcheki anasimama wapi bila ball. Halafu rudi base utaje jina yake mbele ya watu wote, kabla scout yeyote amtaje. Bei kila mtu anaweza kusoma. Boli inajulikana na wenye huenda kuiangalia. Kuja na jina lako.