Haaland Hatakuokoa: Ubashiri wa Wiki kwa Ligi ya Mabeshte

Wasee hunishow ati ubashiri ni hesabu. Zi. Kwa ligi ya mabeshte, ukitaka kujua nani atamlima nani wikendi, cheki mse kwanza, timu baadaye. Cheki Jumamosi anakuwanga wera gani, anashabikia nani, analala saa ngapi, na akipigwa wiki moja anatulia ama anavunja timu yote na hasira. Mi ndio hubashiri mechi za mbogi yetu kila Alhamisi jioni hapo base, na hiyo ndio sera. Takwimu ziko, sikatai. Lakini takwimu haziuzi mchezaji saa sita usiku juu ya uchungu. Mwenye anamuuza ni mse.

Kwa wale hawajaingia hii maneno: Fantasy Premier League ilianza msimu wa 2002/03, ni ya bure, na saa hii iko na mameneja wanapita milioni 10 dunia mzima. Unapewa pauni milioni 100 za uongo ununue wasee 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, mastraika 3. Klabu moja usitoe zaidi ya 3. Straika akifunga anakupa pointi 4, kiungo 5, beki 6. Asisti ni 3. Kipa ama beki wako asipofungwa, 4. Kepteni anahesabiwa mara mbili.

Wengi huchezanga ile ya kujumlisha pointi msimu mzima. Sisi tulisema hiyo ni ya watu wapole. Yetu ni uso kwa uso: kila gemwiki unapewa adui mmoja, ukimpiga unabeba 3, sare 1, ukipigwa unabeba matusi. Na hapo ndio balaa iko. Unaeza piga pointi 82, wiki safi, halafu uangukie mse amepiga 85. Huko kando kuna jamaa amepiga 31, timu imeoza, lakini mwenye alipangiwa amepiga 28. Jamaa anabeba tatu zake na anazunguka mtaa kifua mbele. Marehemu Leonard Mambo Mbotela angekuwa kwa hii ligi yetu, ile programu yake ya redio ingepata stori za mwaka mzima. Je, huu ni ungwana? Hapana, si ungwana. Lakini kama mwenye nguvu angekuwa anashinda kila wiki, mi ningekuwa nabashiri nini?

Hii kitu nayo haikuanza na mpira. Ilianza Marekani, kwa besiboli. Mwaka wa 1980 mwanahabari mmoja anaitwa Daniel Okrent na mabeshte zake, wenye walikuwa wanapatana kwa mkahawa wa New York unaitwa La Rotisserie Française, waliunda ligi yao: unanunua wachezaji wa ukweli, unawaweka kwa timu yako ya uongo, unafuata takwimu zao msimu mzima. Hadi leo Wamarekani huita hiyo staili Rotisserie. Tofauti ni hii. Kwa yao, beshte yako akishanunua mchezaji, ameenda na yeye, wewe utabaki kumskia tu kwa redio. Kwa yetu ya kawaida, kila mtu anaeza kuwa na Haaland. Kuna pia ile ya Draft yenye inafuata sheria ya Wamarekani, lakini mbogi ilikataa, ati italeta vita.

Sasa juu Haaland ni wa kila mtu, fikiria. Wewe uko naye, adui yako ako naye. Afunge tatu ama atoke bure, ni sawa, mmefutana. So kitu ya kwanza mi hufanya nikishika timu mbili ni kukata wenye wako pande zote. Mara mingi kwa wale kumi na moja mnabaki na wanne, watano wenye wanapigana kweli. Na kepteni. Kepteni ndio mchezo wenyewe. Mkiwa na Haaland wote na adui pekee ndio amempea kitambaa, kila goli ni 8 kwake, 4 kwako. Akipiga tatu, umeachwa 12 kwa magoli pekee, kabla bonasi hazijahesabiwa. Wasee hukesha wakichagua beki wa milioni nne na nusu, halafu kepteni wanaweka na macho yamefungwa.

Halafu kuna uongo, na hapa ndio napenda hii ligi. Kabla ya dedilaini huwezi kuona adui amefanya transfa gani. Unaona tu timu yake ya wiki iliyopita. So kutoka Alhamisi hadi Jumamosi mchana ni kudanganyana tu. “Buda, mi nimeuza Haaland, naenda bila yeye.” “Mi wiki hii naweka Wildcard, nabadilisha timu yote bure.” Jaba tupu. Mtu ameuza Haaland kwa ukweli haongeangi. Anakula chapo yake pole pole, anakuuliza mathe wako anaendeleaje.

Haya, mechi.

Odijo dhidi ya Kinyozi. Hii ndio ya wiki. Odijo anafunza hesabu, na timu yake unaona tu ni ya mwalimu. Ako na daftari, si ya shule, ya fantasy, yenye ameandika ratiba ya kila klabu wiki sita mbele, nani anacheza nyumbani, nani ako na mechi ya Ulaya katikati ya wiki. Msimu wa 2024/25 Mohamed Salah alipiga pointi 344, rekodi ya huu mchezo, na magoli 29 na asisti 18 kwa ligi. Odijo alimshika toka gemwiki ya kwanza, akamvisha kitambaa mara mingi, na hakuna kitu ungemwambia amuuze.

Kinyozi alimuuza mara mbili msimu huo huo. Sababu? Customer alimwambia. Hiyo ndio shida ya kufanya wera penye watu wanabonga: kila kichwa anaketi kwa kiti anakuja na fununu. Huyu amesikia fulani ameumia, yule ako na binamu anajua mtu Manchester. Halafu Kinyozi ni wa United toka utotoni, na ako na sheria moja, wasee watatu wa United kila wiki, mvua ama jua. 2024/25 United walimaliza nambari 15, vibaya kuliko msimu wowote tangu Premier League ianze 1992, na watatu wake walikuwa hapo tu, wanatoa mbili mbili.

Sitaki kusema roho ni mbaya kila saa. Februari 2018, Victor Wanyama aliingia kutoka benchi kule Anfield, akapiga lile kombora, Spurs wakatoka 2-2 na Liverpool. Mkenya yeyote alikuwa amemweka kwa timu juu ya uzalendo alikula siku hiyo, na hakuna daftari ingekuonyesha hiyo goli. Lakini hiyo ni siku moja. Msimu ni gemwiki 38.

Kitu inanifanya nimnyime Kinyozi ushindi ni saa. Dedilaini hufunga dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Mechi ya kwanza ikiwa ya Jumamosi saa sita unusu ya Uingereza, majira ya baridi kwetu dedilaini ni saa nane mchana. Saa nane mchana Jumamosi kinyozi anakuwa wapi? Mashine kwa mkono, watoto sita kwa foleni, mathe mmoja anauliza mbona kichwa ya kijana iko na kona. Transfa zake zote hufanywa na kidole kimejaa poda. Odijo naye saa hiyo amemaliza kila kitu, anaosha ndula.

Odijo ako na ugonjwa mmoja: benchi. Anafikiria sana hadi anaacha nje mwenye angefunga, na Bench Boost, ile chipu ya kuhesabu pointi za benchi, ameikalia tu, ati anangoja wiki mzuri. Hiyo pekee ndio inafanya hii mechi isiwe mauaji. Kinyozi anasema ameuza Haaland. Alisema na sauti kubwa, mbele ya watu wote, na akarudia. Ako naye. Odijo 63, Kinyozi 55.

Dere dhidi ya Siz wa Nursing. Dere anaendesha mat ya Jogoo Road, na kwa hii ligi anaendesha vile vile: hakuna leni yenye haingii. Unapewa transfa moja ya bure kila wiki. Ukizidisha, kila moja inakukata pointi 4. Dere kukatwa 8 ni kawaida yake. Akipigwa, anauza watatu. Akishinda, anauza wawili, ati asikamatwe akiwa amelala. Wiki ingine alipiga 58, mzuri tu, ukitoa zile 8 akabaki na 50, akalimwa na mse wa 52. Alishinda akapoteza. Nilimwekea hiyo hesabu kwa karatasi akaniambia mi ni mchawi.

Siz ako shifti ya usiku na haharibu nguvu. Toka 2024/25 unaruhusiwa kuweka akiba hadi transfa 5, na saa hii ako na 4, zimetulia tu. Halafu ndio mtu pekee kwa mbogi mwenye anakumbuka ile maneno ya saa. Wazungu husukuma saa zao kila mwisho wa Oktoba na kila mwisho wa Machi. Sisi Nairobi hatugusi. Oktoba inatusaidia, dedilaini ya saa saba inakuwa saa nane. Machi ndio inaumiza watu. Umezoea saa nane miezi mitano, unakuja saa saba na robo na chai yako, unapata mlango umefungwa na kepteni ni mse ameumia. Dere hushikwa. Halafu kukiwa na mechi ya Ijumaa usiku, dedilaini inaangukia saa mbili unusu ama saa tatu unusu, na huyo saa hizo amekwama kwa jam na abiria wanapiga mabati. Na akiwa kwa usukani, simu aache. Hiyo naongea serious. Siz 57, Dere 60 kabla ya kukatwa, 52 baada.

Mechi yangu na Gunner siibashiri, ni sheria ya base. Nitasema tu kuhusu timu yake, juu inachosha. Amejaza Raya, Saliba na Gabriel, kipa na mabeki wawili wa Arsenal, na hiyo si ujinga. Raya alibeba glavu ya dhahabu 2023/24, na 2024/25 tena, akigawana na Matz Sels wa Forest. Gabriel naye kona zikipigwa ni kaa straika. Arsenal wasipofungwa, jamaa anaanza na 12 hata kabla hajahesabu kitu. Wakifungwa dakika ya 88 na mkwaju wa bahati, zote 12 zinaenda mara moja. Gunner akiangalia mechi hasemi, hapumui. Hiyo ndio bei ya kuweka mayai yote kwa trei moja.

Imebaki Soja na Average. Wenye hawajui watashangaa: tuko saba, na ligi ya uso kwa uso ikiwa na idadi haigawanyiki kwa mbili, mchezo unaongeza timu ya mzimu inaitwa Average. Pointi zake ni wastani wa wale wengine wote. Hana jina, hana klabu, huwezi kumtusi, na akikulima hakuna mahali utajificha, juu umepigwa na hesabu. Kila mtu kwa hii ligi anaogopa Average kuliko Odijo.

Soja ni mlinzi wa usiku na timu yake ni ya marehemu. Aliunda Agosti, akaacha. AFCON ya Morocco ilipokaribia, Desemba 2025, mchezo wenyewe ulijazia kila meneja transfa hadi 5 ndio watoe Salah, Mbeumo na wale wengine wameenda. Soja hakutoa mtu. Alikaa mwezi na wasee wako Morocco. Na bado ako nambari tatu kwa ligi. Hiyo inawaumiza wasomi wetu mbaya, lakini iko na sababu: hakatwi pointi, hauzi mtu na hasira, wachezaji wake wakiumia benchi inaingia yenyewe, na wiki mbaya kwake inaisha Jumatatu bila yeye kujua ilikuwa mbaya. Dere anafanya kazi mara kumi yake na ako chini. Hapa narudi kwa sera yangu: mse ndio timu. Soja anamlima Average na pointi mbili.

Doh hatuweki. Mtaa imechomwa na mabet ya kutosha, na mbogi ilikubaliana hii isigeuke hiyo. Mwenye amepigwa na tofauti kubwa kuliko wote ndio ananunua chapo dondo Jumanne jioni, ya watu wote saba, na Soja anakulanga nne. Kwa makadirio yangu, wiki hii ni Kinyozi, Dere akimfuata karibu sana.

Na wewe unasoma hii ukiwa na ligi yako huko Umoja, Kayole, Mombasa ama Dubai: kabla ubashiri, andika adui yako atakuwa wapi dedilaini ikifunga. Yetu ni Jumamosi saa nane mchana. Kinyozi, customer ataketi angoje dakika mbili. Weka kepteni.