Msimu Ukigeuka Beijing: Peasi, Tangawizi na Pumu ya Mume Wangu

Hebu jiweke kwenye nafasi yangu. Ni saa nane za usiku, nje baridi imeshuka chini ya sifuri. Mume wako amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yamepanda, anavuta hewa na hewa haiingii. Anataka kukwambia kitu lakini anaishia neno la pili. Na moyoni unajua kabisa kwamba ni wewe, si mwingine, uliyemwambia wiki sita nyuma, "Achana na hizo pampu bwana, dawa za Wachina zinatosha."

Ilikuwa Beijing, mwishoni mwa Novemba 2018. Mwenzangu alikuwa anasoma shahada ya pili, mimi nikaomba likizo bila malipo nikamfuata. Tulitoka Dar es Salaam na mabegi mawili, pumu yake ya tangu utotoni, na udadisi wangu ambao, kama mnavyonijua, haujawahi kuniacha nikae kwa raha.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja mstaafu. Jengo zima lilimwita Ayi, yaani mama mdogo, nasi tukamwita hivyo hivyo. Siku tuliyokutana ilikuwa Agosti, jasho linanitiririka, nimeshika glasi ya maji ya barafu. Akanipokonya! "Anasema unalizima tumbo lako," mume wangu akatafsiri kwa Kichina chake cha darasani. Kesho yake akagonga mlango na bakuli la supu ya choroko. Choroko hizi hizi zetu, ila haina nazi wala chumvi, ina sukari kidogo tu. Kwake hicho ndicho chakula cha kupoza mwili wakati wa joto.

Nilicheka, halafu nikamkumbuka bibi yangu wa Tanga. Watu wa Pwani wanavijua vyakula vya baridi na vya moto, ndiyo maana mzazi hunyweshwa uji wa pilipili manga. Elimu hiyo ya Pwani ilipitia zaidi kwa matabibu wa Kiarabu na Wagiriki wa kale, ya Ayi ina asili yake huko huko China. Lakini wakikalishwa jikoni, wale bibi wawili wangeelewana bila mkalimani.

Kalenda ya Ayi

Ukutani kwake palikuwa na kalenda inayokata mwaka vipande 24, kila kimoja siku kama 15. UNESCO iliuingiza mfumo huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016. Tarehe 7 au 8 Agosti ni Liqiu, mwanzo wa majira ya mapukutiko, hata kama wewe bado unaungua na jua.

Nyuma ya mambo haya kuna kitabu kikongwe cha tiba, Huangdi Neijing, chenye umri wa miaka kama 2,000. Kwa kifupi kinasema mwili hauishi nje ya hali ya hewa. Majira ya kuchipua ni ya ini, ya joto ni ya moyo, mwishoni mwa joto ni wengu, mapukutiko ni mapafu, baridi ni figo. Sasa usikimbilie kitabu chako cha baiolojia. "Ini" la tabibu wa Kichina si lile pande la nyama peke yake, ni kundi zima la kazi za mwili, pamoja na hasira zako. Kitabu kinakupangia hata usingizi: wakati wa joto chelewa kulala na uamke mapema, mapukutiko lala mapema uamke na jogoo, baridi ikiingia lala mapema na usitoke kitandani mpaka jua litoke. Hilo la mwisho mume wangu alilipenda mno.

Mimi falsafa haikunivutia sana. Kilichonishika ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu tuoane, nyumba yetu ilikuwa na ratiba. Dar tulikuwa tunakutana saa nne usiku, mmoja na laptop, mwingine na simu, chipsi zimepoa mezani. Beijing tukaanza kula saa kumi na mbili na nusu jioni, chakula cha moto, kisha tunakaa tumetumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto, kama Ayi alivyotufundisha. Utakwenda wapi na miguu iko kwenye beseni? Unaongea. Tuliongea deni la harusi. Tuliongea kuhusu mama mkwe (salama, msiwe na wasiwasi). Tuliongea kama tunataka mtoto sasa au baadaye, swali tulilokuwa tumelikwepa miaka miwili mizima.

Oktoba hewa ikakauka, midomo ikapasuka. Ayi akaleta peasi. Unaikata juu kama kifuniko, unatoa mbegu, unaweka sukari ya mawe na kunazi kavu mbili tatu (wenyewe huziita tende nyekundu), unaipika kwa mvuke mpaka inalegea. "Ya mapafu," akasema, akimtazama mume wangu.

Hapo ndipo nilipoteleza

Tukaenda hospitali ya tiba ya Kichina. Daktari alimshika mume wangu mapigo kwa vidole vitatu, mkono huu na ule, akatazama ulimi, akauliza habari za usingizi, choo, na dawa anazotumia. Mume wangu akamwonyesha pampu mbili: ya kahawia, ya kila siku asubuhi na jioni, na ya bluu, ya wakati wa kubanwa. Daktari akaandika yote, akampa mitishamba iliyokwisha chemshwa, imefungwa kwenye vipakiti. Hakusema aache chochote. Ni mimi niliyesikia "dawa ya mapafu" nikaimalizia sentensi mwenyewe. Na mwenzangu alikuwa amezichoka pampu tangu sekondari, walipokuwa wakimtania. Hakubisha.

Wiki ya kwanza mzima. Ya pili mzima. Ya nne anapanda ngazi anapiga mluzi, mimi natembea kifua mbele kama nimevumbua kitu. Kumbe mtego uko hapo hapo. Pampu ya kahawia hutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa. Ukiiacha, uvimbe haurudi kesho yake, unarudi taratibu huku unajiona umepona. Tarehe 15 Novemba Beijing huwasha mitambo ya joto majumbani, haizimwi mpaka 15 Machi. Hewa ya ndani ikawa kavu kama ya oveni, ya nje baridi na moshi. Akashikwa na mafua. Siku chache baadaye ndiyo usiku ule.

Pampu ya bluu nilikuwa nimeihifadhi kwenye sanduku juu ya kabati. Juu ya kabati, jamani! Nilipoipata akavuta, tukachukua teksi mpaka kitengo cha dharura, akawekewa oksijeni na dawa ya mvuke. Kulipopambazuka aliweza kumaliza sentensi, na ya kwanza ilikuwa, "Usilie, na mimi nilikubali."

Ayi hakunionea huruma. "Nani alikwambia aache?" Akanivuta mpaka jikoni kwake, akafungua kabati: vidonge vya presha vya daktari wa kawaida, vimekaa bega kwa bega na tangawizi na majani yake. Anameza kila asubuhi. Yule daktari wa mapigo naye, tuliporudi, jambo la kwanza aliuliza pampu iko wapi. Kule hospitali ya tiba ya asili ina picha za eksirei na maabara, na kuna madaktari waliosoma pande zote mbili. Ugomvi wa "ama hii ama ile" tulikuwa tumeubeba sisi kwenye mabegi yetu.

Wala sisemi mitishamba ni maji ya rangi. Mwanasayansi Tu Youyou alisoma maelezo ya tabibu wa karne ya 4, Ge Hong, kuhusu mmea wa qinghao, akatoa humo dawa ya malaria, artemisinini. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na dawa mseto tunayoitumia Tanzania tangu 2006 imetokana na ugunduzi huo. Lakini yeye aliichuja, akaipima, akajua kiasi. Kinyume chake ni Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanawake waliokwenda kliniki kupunguza mwili walipewa mmea mmoja wa Kichina badala ya mwingine wenye jina linalofanana, na zaidi ya 100 wakaharibika figo. Kwa hiyo shosti, ukiletewa kipakiti kisicho na jina eti cha kukata tumbo, uliza kwanza ni nini.

Baridi iliyobaki tuliimaliza na supu ya kondoo, beseni, na pampu mara mbili kwa siku. Machi nikataka kuvua koti, Ayi akanikumbusha msemo wao: majira ya kuchipua jifunike, mapukutiko ganda kidogo. Yaani usikimbilie kuvua wala kuvaa, mwili uzoee. Julai, siku za joto kali, mume wangu akabandikwa mgongoni plasta za haradali na mitishamba, maana wao hutibu kifua cha baridi wakati wa joto. Ngozi ikawasha siku mbili. Zilisaidia? Baridi iliyofuata tulikuwa Dar, tungepimia nini?

Na kalenda yenyewe ilitungwa kwa bonde la Mto Manjano, si Kinondoni. Hapa kwetu kinachombana mume wangu ni ukungu wa kuta wakati wa masika, na upepo wa kipupwe alfajiri. Kwa hiyo Machi tunapiga kuta brashi kabla ya mvua, na Juni analala na fulana nzito. Peasi za dukani bei yake mnaijua, tunapika moja tunagawana.

Beseni tunalo bado, la bluu, la Kariakoo. Pampu ya kahawia inakaa kwenye kikombe cha miswaki. Jana usiku aliniuliza miguu ikiwa majini, "Hivi lile sanduku la juu ya kabati ulilitupa?" Nikamwambia nililigawa zamani.