Kwa Nini Panya Hukataa Sumu Aliyokwisha Kuionja

Mwenye ghala la mahindi, awe Jinja au Mbale, huweza kukutana na jambo hili: usiku wa kwanza chambo chenye sumu huua panya kadhaa, kisha waliosalia hawakigusi tena.

Panya hawezi kutapika. Ndiyo maana chakula kigeni hukionja kidogo tu kwanza. Akiugua bila kufa, huichukia ladha ile. Mwaka 1966 John Garcia na Robert Koelling, wa Marekani, waliwapa panya maji matamu yaliyoambatana na mwanga na mlio, kisha wakawaugulisha. Baadaye panya hao waliyakwepa maji matamu, lakini mwanga na mlio havikuwazuia kunywa. Tumbo hulaumu ulimi! Tena mara moja hutosha, hata ugonjwa ukija saa kadhaa baada ya mlo.

Na harufu je? Ikiwa peke yake, na ugonjwa ukachelewa, haifundishi sana. Ikiandamana na ladha, huchukiwa vikali, na safari ya pili panya hugeuka kabla ya kuonja. (Hapa mwalimu anaweza kutofautisha kunusa, kunuka na kunukia: chambo kilichonukia jana, kwa panya huyu leo kinanuka.)

Sumu ya zinki fosfaidi huumiza upesi, hivyo aliyenusurika hujua cha kulaumu. Sumu zinazozuia damu kuganda huua baada ya siku kadhaa, na panya hauhusishi ugonjwa na mlo ule. Anayetumia zinki fosfaidi hutanguliza chambo kisicho na sumu kwa siku chache, hadi panya akizoee.