Je, Wajua? Jiji la Ramani Lililo Malili

Panda gari la Emali kutoka Nairobi. Ukishapita Makutano ya Kyumvi, Malili haiko mbali, nawe umeingia Makueni. Pale ilipokuwa ranchi, serikali inajenga Konza, jiji la teknolojia lililochorewa ekari 5,000. Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi Januari 2013. Linganisha na Brazil: ilianza kujenga Brasília, mji mkuu wake mpya, 1956 na kuhamia 1960. Huku kwetu mambo ni polepole. Lami pana na nguzo za taa zimetangulia, wakazi watafuata. Maji yamepangwa kutoka bwawa la Thwake, kwenye mto Athi, mpakani na Kitui. Mgeni, beba kofia: miti bado michanga na jua la Ukambani halina mzaha.