Kupima Umuhimu wa Kitakwimu wa Uhusiano wa Mstari Mnyoofu Baina ya Vigeu Viwili

Makala haya yanafafanua jaribio linalotumika kuamua iwapo uhusiano wa mstari mnyoofu ulioonekana katika sampuli unaweza kuchukuliwa kuwa upo pia katika jamii ya utafiti. Aidha, yanabainisha mpaka wa jaribio hilo.

Kipimo cha uwiano cha Pearson, r, huwa kati ya −1 na +1. Kwa kuwa sampuli ndogo yaweza kutoa r kubwa kwa bahati tu, mtafiti huanza na nadharia tete sifuri, kwamba katika jamii ya utafiti uwiano wa vigeu hivyo ni 0. Kisha hukokotoa:

t = r√(n − 2) ÷ √(1 − r²)

ambapo n ni idadi ya jozi za data. Thamani ya t, bila kujali alama yake, hulinganishwa na thamani ya mpaka iliyomo katika jedwali la t kwa digrii huria n − 2. Ikiizidi, nadharia tete sifuri hukataliwa.

Data alizotunga mwanatakwimu Francis Anscombe mwaka 1973 zinaonesha hatua hizi pamoja na hatari yake. Aliunda seti nne zenye jozi 11 kila moja, na katika zote r ni takribani 0.816. Hivyo, t ni takribani 4.24, ilhali thamani ya mpaka kwa digrii huria 9, katika kiwango cha umuhimu cha 0.05 cha pande mbili, ni 2.262. Seti zote zinafaulu jaribio. Hata hivyo, zinapochorwa, ni seti ya kwanza pekee ambayo nukta zake zimetawanyika kandokando ya mstari mnyoofu. Ya pili inafuata mkunjo. Katika ya tatu, nukta kumi zimejipanga karibu kikamilifu katika mstari mmoja, na moja iliyo mbali imeupotosha. Katika ya nne, jozi kumi zina x ileile, yaani 8, na uwiano wote unatokana na nukta moja yenye x ya 19. Nukta hiyo ikiondolewa, r haikokotoleki.

Inadhihirika kuwa jaribio la t hupima iwapo r ya ukubwa huo ingetarajiwa kwa bahati; halithibitishi kuwa uhusiano ni wa mstari mnyoofu, sembuse kwamba kigeu kimoja husababisha kingine. Kwa hiyo, mchoro wa nukta hauna budi kutangulia ukokotoaji. Tasnifu inayowasilisha r na t bila mchoro haimpi mtahini njia ya kutambua ni ipi kati ya hali hizo nne iliyo mbele yake.