Ugomvi wa masizi kitakoni mwa risasi

Wapiga shabaha wa Marekani wakiishiwa na la kubishania, hurudi kwenye kishimo chenye upana wa milimita tano hivi. Kishimo hicho kiko kitakoni mwa ganda la risasi, pale inapokaa fataki, na kila risasi ikishalia hubaki kimepakaa masizi meusi. Kabla ya kutia fataki mpya, masizi hayo yakwanguliwe au yaachwe? Wapo wazee ambao hawajawahi kuruhusu ganda lipite mikononi mwao bila kukwanguliwa. Wapo pia wapiga shabaha hodari ambao hawajui hata brashi ya kazi hiyo inafananaje. Ukiwakutanisha, tenga jioni nzima.

Risasi ni vitu vinne: ganda la shaba nyeupe, baruti iliyomo ndani, kichwa kilichobanwa mdomoni, na fataki kitakoni. Ukifyatua, pini ya bunduki huigonga fataki, fataki hutema moto kupitia kitundu kidogo, baruti hushika, kichwa huondoka. Vitatu vimekwenda. Ganda linabaki, nalo ndilo lenye bei: ganda bora la bunduki ya shabaha, kama yale yanayotengenezwa Ufini, hugharimu zaidi ya dola moja likiwa tupu, na likitunzwa hujazwa upya mara kumi au zaidi. Ndiyo maana nyumba nyingi za wapenda shabaha kule zina meza kwenye banda la gari, yenye mashine ya mkono, mizani ya baruti na ndoo ya maganda yanayosubiri zamu. Huko ni burudani halali. Kwetu, sheria za Tanzania na Kenya hazimruhusu raia kujitengenezea risasi bila leseni, kwa hiyo ugomvi huu tunautazama tukiwa nje ya uzio.

Hoja ya wakwanguaji haikutoka hewani. Fataki ni kikombe kidogo cha metali laini chenye kilipukaji kidogo sana ndani yake, na juu ya kilipukaji hicho hukaa kichuma chenye miguu kinachofanya kazi ya fuawe. Pini inapogonga, kilipukaji hubanwa kati ya kikombe na fuawe, kikawaka. Ili kibanwe sawasawa, miguu ya fuawe lazima isimame imara kwenye sakafu ya kishimo. Masizi yakijaa, inasimama juu ya kitu laini. Sehemu ya nguvu ya pini inaishia kuisukuma fataki ndani badala ya kuiwasha, na risasi inaweza kugoma au kulia ikiwa imechelewa kidogo. Kwa mtu anayetaka vichwa vitano vipite karibu tundu moja umbali wa yadi 100, kuchelewa huko si jambo dogo.

Kimantiki hoja inasimama. Shida yake ni kipimo. Masizi yanayobaki baada ya risasi moja ni tabaka jembamba linalomeguka kwa kucha, na fataki mpya ikisukumwa ndani kwa nguvu ya mashine huyasaga. Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, unatoka kwa wapiga bastola wa mashindano. Wao hutumia mashine za hatua nyingi ambazo katika mzunguko mmoja huchomoa fataki kuukuu na kusukuma mpya, mamia ya risasi kwa saa. Kati ya kuchomoa na kusukuma hapana nafasi ya brashi. Watu hawa wamepiga kwa maganda yenye masizi kwa miongo kadhaa, na kama masizi yangekuwa yanagomesha risasi, wao ndio wangekuwa wa kwanza kupiga kelele. Ni kweli kwamba bastola ya mita 20 si bunduki ya mita 600. Lakini kugoma ni kugoma.

Kwa nini basi ubishi hauishi? Sababu moja ni jinsi wanavyojaribu. Mtu hupiga risasi tano zenye maganda safi, kisha tano zenye maganda machafu, anapima upana wa matundu kwenye karatasi na kutangaza mshindi. Risasi tano ni chache mno. Chukua maganda yaleyale, baruti ileile na mkono uleule, upige mafungu mawili bila kubadilisha chochote, bado utapata fungu jembamba na fungu pana, kwa upepo, kwa joto la mtutu, kwa pumzi. Anayetaka kuona faida ya brashi ataiona, na jirani yake asiyetaka hataiona. Waingereza walijiepusha na kelele nyingi za namna hii: katika mashindano makubwa ya Bisley, kwa desturi ya miaka mingi, wapigaji wa bunduki za shabaha hugawiwa risasi za aina moja, kila mtu akatumia zilezile.

Sababu nyingine ni ya kihistoria, na hii ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 1807 mchungaji wa Kiskoti, Alexander Forsyth wa Belhelvie, alipata hataza ya kuwasha bunduki kwa kemikali inayolipuka ikigongwa. Alikuwa mwindaji wa ndege wa majini, na ndege walikuwa wakiona mwako wa gumegume na kukimbia kabla risasi haijatoka. Kutoka kwenye wazo lake zikaja fataki. Kwa sehemu kubwa ya karne ile ziliendana na baruti nyeusi, ambayo ikiungua huacha zaidi ya nusu ya uzito wake kama taka ngumu. Jeshi la Marekani, lililokuwa likijaza upya maganda kambini kwa ajili ya mazoezi, lilikuwa na sababu ya kweli ya kuyaosha mapema: taka ile hunyonya unyevu na kuila shaba.

Baruti isiyo na moshi ilipokuja, adui alihamia kwenye fataki yenyewe. Fataki nyingi za kijeshi zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Mtutu usiooshwa jioni ile ulikuwa na kutu asubuhi, kama bati la nyumba ya ufukweni. Fataki nyingine zilikuwa na zebaki, nayo iliingia ndani ya shaba na kulifanya ganda kuwa kavu la kupasuka. Hilo hakuna brashi ingeliondoa. Wajerumani walileta fataki zisizo na chumvi hiyo miaka ya 1920, na jeshi la Marekani likaachana na klorati mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sababu ikaondoka, usia ukabaki. Babu alimwambia baba asafishe, baba akamwambia mwana, na mwana anasafisha masizi ambayo hayana chumvi wala zebaki.

Kinachoiharibu fataki hasa kilionekana hapa kwetu. Aprili 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Nahodha aliizamisha kwenye kina kifupi na kuchoma mbao za sitaha, Waingereza wakaondoka wakiamini kwamba imekwisha. Wajerumani wakarudi kupakua: bunduki, mizinga na mamilioni ya risasi zilizolowa maji ya bahari. Kadiri siku zilivyopita, risasi zilizogoma zikaongezeka. Jenerali Lettow-Vorbeck, aliyeliongoza jeshi la Wajerumani hapa wakati huo, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba hapakuwa na njia ila kuzifumua, kukausha baruti na kubadilisha baadhi ya fataki, kazi iliyochukua miezi katika karakana ya Moshi. Mafundi wa Moshi walikuwa wakipigana na unyevu. Masizi hayakuwa tatizo lao, kwani risasi zile zilikuwa bado hazijapigwa.

Unyevu huohuo ndio unaowanasa baadhi ya wasafishaji wa leo. Mtindo ulioenea miaka ya karibuni ni kuyazungusha maganda ndani ya pipa lenye maji, sabuni na vijiti vyembamba vya chuma kisichoshika kutu. Maganda hutoka yanang'aa hadi ndani ya kishimo, yakapigwa picha na kuonewa fahari. Lakini maji hujificha kitakoni, na asiyekausha vizuri anaitia fataki mpya katika tone lilelile lililowasumbua watu wa Moshi. Wakati mwingine kijiti chenyewe hukwama kwenye kitundu cha moto.

Pamoja na hayo, singemwambia mtu avunje brashi yake. Anayekwangua ganda moja moja hulazimika kulitazama, na kulitazama ndiko kwenye faida. Ataona ufa unaoanza. Ataona ukingo ambao kiwanda cha jeshi huuminya kuizuia fataki isitoke, ambao usipoondolewa fataki mpya haiingii sawa. Akiona fataki inaingia kwa kidole bila upinzani, atajua kishimo kimepanuka kwa shinikizo kubwa la baruti, na ganda hilo halifai tena hata ling'ae vipi. Kwa bunduki kama M1 Garand jambo hili halina mzaha: pini yake haizuiwi na springi, huigusa fataki kidogo kila bunduki inapojikoki, na fataki iliyochomoza inaweza kulia kabla bunduki haijafunga. Hapo kupitisha kidole kitakoni kuhakikisha fataki imezama kuna maana kuliko usafi wote.

Lakini jambo ambalo wabishani hulitaja kwa nadra ni masizi yenyewe yametengenezwa na nini. Kilipukaji cha fataki nyingi za leo ni stifinati ya ledi, pamoja na misombo ya bari na antimoni. Ledi ni sumu isiyotoka mwilini kwa haraka, na watoto ndio inaowadhuru zaidi. Ikiwa imeganda ndani ya kishimo, haimgusi mtu. Ikikwanguliwa kavu kwenye banda la gari, inakuwa vumbi puani, mikononi na kwenye zulia la sebuleni. Hata wale wanaoyasugua maganda kwa punje za gunzi la mahindi hupata vumbi hilo wanapoyachekecha. Pipa la maji linaponea hapa kwa sababu halipeperushi kitu. Ila mwisho wa kazi lina ndoo ya maji meusi yenye ledi, na sinki la jikoni si mahali pa kuyamwaga.